Divai ya Mito Miwili



Mama anayepika bukari anajua kuchanganya unga. Unga wa mahindi peke yake una ladha nzuri, lakini bukari yake huvunjikavunjika. Unga wa muhogo peke yake hunata mno vidoleni. Akichanganya kwa kipimo chema, nyumba yote inakula na kushiba, wala hakuna atakayemwita mwongo. Lakini mchuuzi akijaza gunia unga wa muhogo, juu yake akafunika mahindi kidogo, kisha akatangaza sokoni kwamba gunia lote ni mahindi matupu, huyo tunamwita mwizi. Wote wawili wamechanganya. Kwa nini mmoja anasifiwa na mwingine anashitakiwa?

Swali hili liliwasumbua Wafaransa kwa miaka zaidi ya mia mbili kwa ajili ya divai yao nyekundu. Tutaeleza hapa jinsi zabibu za mto Rhône zilivyochanganywa na zabibu za Bordeaux: kwanza kwa siri, kisha zikatenganishwa kwa sheria, na baadaye zikakutana tena mbele ya macho ya watu wote.

NCHI MBILI NA ZABIBU ZAKE

Mto Rhône unatoka katika milima ya Alps, unapita mji wa Lyon, unashuka kusini hata bahari ya Mediterania. Kusini ya Lyon, katika mji mdogo wa Tain, kuna kilima cha mawe kinachoitwa Hermitage, maana yake makao ya mtawa akaaye peke yake. Wenyeji wanasimulia kwamba askari mmoja, Gaspard de Stérimberg, alirudi kutoka vitani mwaka 1224, akiwa amechoka na kumwaga damu, akakaa juu ya kilima hicho kusali na kulima mizabibu. Hayo ni masimulizi ya wazee. Lakini kikanisa cha Mtakatifu Kristofori kinaonekana kileleni hata leo. Kilima chote hakifiki hekta 140. Kinatazama kusini, jua linakipiga mchana kutwa, na zabibu nyekundu inayopandwa hapo ni moja tu, Syrah. Divai yake ni nyeusi karibu kama wino, ina nguvu, nayo hunukia pilipili manga.

Chini zaidi, karibu na Avignon, zabibu kubwa ni Grenache, ambayo wenyeji huichanganya na Syrah, Mourvèdre na nyingine.

Bordeaux iko upande wa magharibi, pahali ambapo mto Garonne unakaribia bahari ya Atlantiki. Huko mvua ni nyingi, na mawingu ya bahari hufunika jua mara kwa mara. Zabibu zake nyekundu ni Cabernet Sauvignon, Merlot, Cabernet Franc na ndugu zao wachache. Cabernet Sauvignon ina ngozi nene na huchelewa kuiva. Mwaka wa jua, divai yake yaweza kukaa chupani miaka hamsini na kuzidi kuwa njema. Mwaka wa mvua, zabibu huvunwa kabla hazijaiva vema, na divai inatoka nyepesi na kali.

Angalieni jambo hili, maana ndilo mzizi wa habari yote: Bordeaux ilikuwa na bandari na wanunuzi, lakini haikuweza kulitegemea jua lake. Hermitage ilikuwa na jua, lakini bandari haikuwa nayo.

PAPA ALIYETOKA BORDEAUX

Kabla divai hazijakutana, watu walikutana. Bertrand de Got alikuwa Askofu Mkuu wa Bordeaux tangu mwaka 1299, naye alikuwa na shamba la mizabibu huko Pessac, karibu na mji. Mwaka 1305 alichaguliwa kuwa Papa, akaitwa Klementi wa Tano. Mwaka 1309 alihamia Avignon, kandokando ya Rhône, akafa mwaka 1314 katika mji mdogo wa Roquemaure, kando ya mto ule ule. Shamba lake la Pessac linaitwa hata leo Château Pape Clément.

Papa aliyemfuata, Yohane wa Ishirini na Mbili, alijenga ngome karibu na Avignon, pahali panapoitwa sasa Châteauneuf-du-Pape, yaani Ngome Mpya ya Papa. Mapapa walikaa katika nchi hiyo mpaka waliporudi Roma mwaka 1377. Basi, mashamba mawili mashuhuri, moja la kila upande, yanakumbusha kiti kile kile. Lakini divai zao zilikaa mbalimbali kwa karne nyingi bado.

KAZI YA KIINGEREZA

Mwaka 1152 Eleonora, mtawala wa Akwitania, aliolewa na Henri, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1154. Kwa ndoa hiyo Bordeaux ilikaa chini ya taji la Uingereza hata mwaka 1453. Kwa miaka mia tatu meli zilibeba mapipa kwenda kaskazini. Hata mji uliporudi kwa mfalme wa Ufaransa, Waingereza hawakuisahau divai yake.

Mwaka 1703 Uingereza ilifanya mapatano na Ureno, na ushuru wa divai ya Ureno ukapunguzwa. Waingereza wakazoea divai ya Port, nzito, yenye kutiwa pombe kali ndani yake. Walipoonja tena divai ya Bordeaux, wengi waliiona kama maji.

Wafanya biashara wa Bordeaux walifanya nini? Wengi wao walikuwa wageni kutoka Ireland, Uingereza na Ujerumani, nao walikaa katika mtaa wa Chartrons, kandokando ya mto. Walinunua divai changa kwa mapipa, wakaitunza katika ghala zao, wakaitengeneza kwa kufuata ulimi wa mnunuzi. Ufundi huo uliitwa kazi ya Kiingereza. Katika pipa la divai ya Bordeaux walitia kiasi cha divai ya Hermitage, au divai nzito ya Hispania, pamoja na maji ya zabibu yasiyochachuka bado. Divai ilianza kuchachuka tena ndani ya pipa, ikapata rangi na nguvu. Katika Kifaransa neno jipya likazaliwa, hermitager, maana yake kutia Hermitage.

Njia ya kusafirisha nayo ilikuwapo. Tangu mwaka 1681 mfereji mkubwa, Canal du Midi, uliunganisha bahari ya Mediterania na mto Garonne, hata chombo cha maji kiliweza kupita kutoka upande mmoja wa Ufaransa hata upande wa pili.

Msidhani kwamba walifanya hivyo kwa divai mbovu tu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Nathaniel Johnston, mfanya biashara wa Bordeaux, aliandika kwamba Lafite ya mwaka 1795, iliyotiwa Hermitage, ilipendwa kuliko divai zote za mwaka ule. Na Lafite ndilo shamba lililowekwa mwaka 1855 katika daraja la kwanza la divai za Bordeaux!

Sasa mfikirieni mlimaji wa Hermitage. Alipanda mteremko mkali, akabeba udongo mgongoni kila mvua ilipouteremsha, akavuna kwa mikono yake. Divai yake ilipofika London ilinywewa kwa jina la shamba la mtu mwingine. Yeye alilipwa, lakini hakutajwa. Mnywaji naye aliambiwa jina la nchi moja, kumbe katika kikombe chake mlikuwa na nchi mbili. Divai ilikuwa njema, hilo hatulikani. Lakini pipa lilisema uongo.

Mtu mmoja aliyelitambua jambo hilo alikuwa Thomas Jefferson, mjumbe wa Marekani katika Ufaransa, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi yake. Mwaka 1787 alifanya safari ndefu. Alipita Tain na kutazama mizabibu ya Hermitage, akashuka kusini na kufika hata Italia ya kaskazini, akarudi, akasafiri juu ya Canal du Midi, na katika mwezi wa tano alifika Bordeaux. Alijifunza mengi, na neno moja alilishika sana: divai ya kweli inapatikana kwa mwenye shamba tu, siyo kwa mfanya biashara. Tangu hapo aliagiza divai yake kwa wenye mashamba wenyewe.

MDUDU NA SHERIA

Katika miaka ya 1860 pigo kubwa liliipata Ufaransa. Mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyeletwa na miche ya Amerika, alianza kula mizizi ya mizabibu. Watu waliona mizabibu ikinyauka upande wa Rhône ya chini mwaka 1863, wala hawakujua sababu, mpaka mwaka 1868 Jules-Émile Planchon wa Montpellier na wenzake walipochimba na kumkuta mdudu kwenye mizizi. Baadaye waligundua kwamba mizizi ya mizabibu ya Amerika humvumilia mdudu huyo. Wakapandikiza mizabibu yao juu ya mizizi hiyo, na karibu mizabibu yote ya Ufaransa inaishi namna hiyo hata leo.

Wakati wa pigo divai ilikuwa haba, na njaa ya fedha haina haya. Watu wakatengeneza kinywaji kwa zabibu kavu, sukari na rangi, wakakiita divai. Mwaka 1889 sheria ilisherti kueleza divai ni kitu gani: ni kinywaji kilichotoka katika zabibu mbichi zilizochachuka. Sheria nyingine ya mwaka 1905 ilipiga vita udanganyifu katika biashara. Hata hivyo walimaji wa kusini walizidi kuwa maskini. Mwaka 1907 waliandamana kwa maelfu na maelfu, na huko Narbonne wengine waliuawa kwa risasi za askari. Mnaona, wasomaji, kwamba jina la kitu si mchezo. Jina likiibiwa, chakula cha watoto kinaibiwa pamoja nalo.

Ndiyo maana watu walianza kuweka mipaka. Mwaka 1911 serikali iliamua kwamba jina la Bordeaux ni la divai ya wilaya ya Gironde tu. Huko Châteauneuf-du-Pape walimaji wakiongozwa na Baron Pierre Le Roy waliandika mwaka 1923 masharti yao wenyewe: shamba liwe wapi, zabibu ziwe za aina gani, nguvu ya divai iwe kiasi gani. Mwaka 1935 Ufaransa nzima ilifuata mfano huo kwa sheria. Châteauneuf-du-Pape na Bordeaux zilipata sheria zao mwaka 1936, Hermitage mwaka 1937.

Tangu hapo kutia Syrah ya Hermitage katika pipa la Bordeaux, kisha kuliita Bordeaux, ni kosa mbele ya hakimu. Haki ilitendeka: mlimaji wa Hermitage alirudishiwa jina lake, na mnywaji alirudishiwa ukweli. Lakini sheria ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mdanganyifu. Je, ingemfanyia nini mtu mwenye kuchanganya bila kuficha neno?

HUKO AUSTRALIA

Jibu la kwanza lilitoka mbali. Mwaka 1831 James Busby, mtu wa Scotland aliyehamia Australia, alizunguka Hispania na Ufaransa akikusanya vipande vya mizabibu. Alifika hata kilima cha Hermitage. Vipande hivyo vilipandwa Sydney na kuenea katika nchi. Syrah iliitwa huko Shiraz, na mara nyingi waliiita Hermitage kwa kukumbuka kilima chake.

Mwaka 1950 Max Schubert, mtengeneza divai wa kampuni ya Penfolds, alitumwa Ulaya. Alipopita Bordeaux aliona divai za miaka mingi zilizo hai bado, akatamani kutengeneza kama hizo kwao. Lakini Cabernet ilikuwa haba katika Australia, na Shiraz ilikuwa tele. Basi mwaka 1951 alitumia Shiraz kwa kufuata ufundi aliouona Bordeaux, na divai hiyo ikaitwa Grange Hermitage. Katika miaka mingi hutiwa Cabernet kidogo ndani yake. Wakubwa wake hawakuipenda. Mwaka 1957 walimwagiza aache. Yeye akaendelea kwa siri, mpaka aliporuhusiwa tena mwaka 1960.

Mwaka ule ule wa 1960 alitengeneza divai nyingine, Bin 389, ambayo ni Cabernet na Shiraz pamoja, na inajulikana kwa majina ya zabibu hizo mbili. Mwaka 1962 ilifuata Bin 60A, ya Cabernet ya Coonawarra na Shiraz ya Barossa, na wajuzi wengi wanaihesabu kuwa moja ya divai bora zilizopata kutoka nchi ile. Mafundi wanaeleza hivi: Cabernet inaanza kwa harufu nzuri na kumalizia kwa ukali mwema, lakini katikati ya ulimi huacha pengo. Shiraz hulijaza pengo hilo kwa mwili wake mnene. Ni elimu ile ile ya mahindi na muhogo.

Jina la kilima nalo lilirudi kwa wenyewe. Watu wa Ulaya walidai majina ya pahali pao, na kuanzia divai ya mwaka 1990 neno Hermitage liliondolewa katika jina la Grange. Divai haikupoteza kitu.

MTU WA TRÉVALLON

Katika Ufaransa yenyewe jambo lilikuwa gumu zaidi. Katika miaka ya 1960 Georges Brunet, aliyekuwa mwenye shamba la Château La Lagune huko Bordeaux, alihamia Provence, upande wa mashariki wa Rhône ya chini, akapanda Cabernet Sauvignon katika shamba la Vignelaure. Eloi Dürrbach, kijana aliyeacha masomo ya ujenzi huko Paris, aliona kazi hiyo. Tena alijua kwamba daktari Jules Guyot, aliyekagua mashamba ya Ufaransa karne ya 19 kabla mdudu hajayaharibu, alisifu Cabernet pamoja na Syrah katika nchi ile. Mwaka 1973 Dürrbach alianza kuvunja mawe katika shamba la wazazi wake, Trévallon, upande wa kaskazini wa milima ya Alpilles. Alipanda nusu Cabernet Sauvignon na nusu Syrah. Divai yake ya kwanza ni ya mwaka 1976.

Watu waliionja, wakaistaajabia. Haikuficha kitu: kila mnunuzi aliweza kujua kilichomo. Lakini katika miaka ya 1990 pahali pale palipata sheria yake na jina lake, Les Baux-de-Provence, na sheria ilisema kwamba Cabernet isizidi sehemu 20 kwa 100. Dürrbach alikuwa na njia mbili. Aliweza kung'oa mizabibu ya miaka ishirini, akapata jina kubwa. Aliweza kuiacha, akapoteza jina. Aliiacha. Tangu divai ya mwaka 1994 Trévallon iliuzwa kama divai ya nchi ya Bouches-du-Rhône, daraja ambalo wengi huliwekea divai ya bei ndogo. Wanunuzi hawakumwacha. Alifariki mwaka 2021, na watoto wake wanaendelea na kazi.

Tusiilaumu sheria upesi. Ua hujengwa kwa ajili ya mwizi, na mara nyingine humzuia hata ndugu. Dürrbach hakuruka ua wala hakughushi karatasi. Alikubali jina dogo lenye kusema kweli.

BORDEAUX INAKUMBUKA

Mwisho wa habari ulirudi pahali ulipoanzia. Château Palmer ni shamba mashuhuri la Margaux, katika nchi ya Bordeaux. Kwa zabibu za mwaka 2004 lilitengeneza mapipa machache kwa desturi ya zamani: divai yake mwenyewe na sehemu ndogo ya Syrah kutoka Rhône ya kaskazini. Safari hii hakuna aliyefichwa. Chupa ilisema wazi kwamba hiyo ni divai ya namna ya karne ya 19. Kwa sababu ya sheria haikuruhusiwa kuitwa Bordeaux wala Margaux, wala kuandikwa mwaka wa mavuno. Ilitoka kama divai ya meza, daraja la chini kabisa, kutoka katika ghala la wakubwa. Pipa la Johnston na chupa ya Palmer zinafanana kwa namna ya kuchanganywa. Zinaachana kwa ukweli.

Tena kuna mtoto wa kusimuliwa. Mwaka 1961 mtaalamu Paul Truel alioanisha maua ya Cabernet Sauvignon na ya Grenache, karibu na mji wa Marseillan, kando ya Mediterania. Zabibu iliyozaliwa iliitwa Marselan: mzazi mmoja wa Bordeaux, mzazi mwingine ni Grenache ya Rhône. Kwa muda mrefu wachache waliijali. Lakini joto la dunia limezidi, na zabibu za Bordeaux zimeanza kuiva mapema mno. Kwa hiyo mwaka 2021 sheria iliruhusu Marselan ipandwe huko pamoja na aina nyingine chache, kwa majaribio: zisizidi sehemu 5 kwa 100 ya shamba, wala sehemu 10 kwa 100 ya divai. Damu ya Rhône iliyoingia zamani usiku kwa mlango wa nyuma, sasa imepita mlangoni mchana, kwa ruhusa.

Wala Bordeaux haina sababu ya kuona haya. Mwaka 1997 wataalamu wa California walichunguza uzazi wa Cabernet Sauvignon, fahari ya nchi ile, wakaona kwamba ni mtoto wa Cabernet Franc, zabibu nyekundu, na Sauvignon Blanc, zabibu nyeupe. Yenyewe ilizaliwa kwa kuchanganyika.

Wasomaji wengine watauliza juu ya divai ya Misa. Sheria ya Kanisa inataka iwe divai ya asili, itokane na zabibu, isiwe imeharibika. Haiulizi kama ni ya mzabibu mmoja au ya miwili. Basi, kuchanganya peke yake si dhambi, na aina moja peke yake si utakatifu. Mnapouza unga, asali au mawese, changanyeni mpendavyo, mradi mnunuzi ajue anabeba nini nyumbani kwake, na yule aliyetoa jasho katika shamba la mbali atajwe kwa jina lake.